Choo cha Milango Miwili cha Mzee Vitalis

Vijana wa Milanzi mkinipita barazani mnasema "Shikamoo Mzee Shimo," halafu mkifika kwenye kona ya mashine ya kusaga mnaachia kicheko. Nasikia. Kilichostaafu ni mgongo, masikio bado yako kazini. Nawaitikia marahaba bila kinyongo, kwa sababu nyuma ya nyumba nyingi mnazolala kuna shimo nililolichimba mimi. Mmekalia kazi yangu tangu mjue kuchuchumaa, na sijawahi kumwona mmoja wenu akitoka mle ndani akasema, "Asante Fundi."

Naitwa Leonsi. Shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu alichoka kwanza, mimi nikafuata. Kazi yangu ilikuwa kuchimba vyoo, na sioni aibu kuitaja hata mbele ya askofu, maana askofu naye anakwenda. Kwa sururu, chepe, ndoo na kamba nimeoa, nimesomesha, nimeezeka bati na kuzika wazazi wangu kwa heshima. Aliyetaka kuziba pua azibe ya kwake.

Sasa nyie vijana wa parokia mmeniomba niwaandikie habari za maradhi ya mlipuko, kwa kuwa mwaka ule wa kipindupindu nilikuwepo. Naona mlitegemea niwaambie mnawe mikono. Kunawa mikono mnakujua, mnakuimba tangu chekechea. Hata sisi tulikujua. Hapo ndipo penye mambo.

Lakini ngoja kwanza nianzie shimoni.

Kazi nilifundishwa na Mzee Vitalis wa Pito. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, hatoki nyumbani bila kofia yake ya kahawia, na mashimo ya Pito karibu yote ya zamani ni yake. Siku ya kwanza aliyoniachia nichimbe peke yangu nilitaka aone mwanamume. Nilichimba kutwa bila kupumzika. Kuta nikazilainisha kwa chepe mpaka zikawa kama ukuta wa kanisa. Mtu wa juu alikuwa anavuta ndoo za kifusi, akachoka, akaaga akaenda zake, mimi naendelea tu. Mzee Vitalis akaja, akainama ukingoni, akanitazama huko chini.

"Kuta nzuri," akasema.

"Asante, Mzee."

"Haya, toka."

Nikatafuta pa kushika. Hakuna. Nikaruka, nikaangukia makalio. Nikajaribu kuegemeza sururu, ikateleza. Mzee Vitalis akavaa kofia yake vizuri, akaniambia anakwenda kwanza kunywa kimpumu, tutaongea akirudi. Mwenye nyumba, mama mmoja mwenye huruma, alinishushia ugali na maharage kwa ndoo ileile ya kifusi. Watoto wa Pito wakaja kunichungulia. Mmoja akaniuliza kama nauma.

Jua lilipokuwa linatua ndipo Mzee aliporudi na kamba. Aliponivuta akanionyesha kidole gumba cha mguu wake. "Hiki ndicho kinachochimba," akasema. "Kila unapoteremka, unakata kikanyagio ukutani, kishimo cha kuweka kidole hiki. Mtu hateremki mahali asipojua atapandia wapi. Kuchimba kwenda chini hata panya anaweza."

Tangu siku hiyo sikuwahi kusahau vikanyagio. Wekeni hilo kichwani, nitalirudia.

Kipindupindu cha mwaka ule kilianzia kule bondeni, kwenye kambi za wavuvi, kikapanda mlima kuja huku Ufipa kama abiria wengine. Tuliposikia kimefika, mtendaji akaita mkutano Pito. Nilikuwa na kazi ya choo huko, nikahudhuria na matope yangu. Akasimama bwana afya, kijana mpole, ana buti za mpira safi kabisa. Nasema mapema: kila alichosema kijana yule kilikuwa haki. Sina ugomvi naye.

"Ndugu zangu, kipindupindu kinaletwa na nini?"

"Kula mavi!" mkutano mzima ukaitikia.

"Tunajikinga vipi?"

"Choo! Maji ya kuchemsha! Kunawa kwa sabuni!"

Bibi mmoja wa nyuma akaongeza kwamba mdudu wake haonekani kwa macho na anapenda maji. Bwana afya alifurahi mpaka akapiga picha na sisi. Tukapewa na dawa ya kutibu maji.

Mkutano ukavunjika. Wanaume tukaenda wapi? Kimpumuni. Kwa asiyejua, kimpumu ni pombe yetu ya ulezi: inakaa chunguni, inaongezwa maji ya moto, mnaizunguka mnavuta kwa mrija. Siku hiyo wenye mirija yao walikuwa wachache, kwa hiyo mrija mmoja ukawa unapita midomo yote, kama siku zote. Nikauliza, "Jamani, si tumetoka kuambiwa sasa hivi?"

"Maji ni ya moto, Fundi, mdudu hapiti."

"Na mrija je?"

"Mrija huu ni wa mwanakwaya. Wewe vuta."

Nikavuta. Kumbe ningefanyaje? Mrija umeshafika mkononi, kila mtu ananitazama. Kuukataa ni kumwambia mwenzako mdomo wake ni mchafu. Dawa ya maji nayo wanaume wengi waliwapelekea kuku, maana ilikuwa imezuka habari kwenye simu kwamba inamaliza nguvu za kiume. Aliyeisambaza kwa bidii kuliko wote alikuwa mzee ambaye mke wake alisema hadharani hajui ni nguvu zipi hizo anazoziogopea.

Baadaye ukaja ukaguzi wa nyumba kwa nyumba. Kila kaya iwe na choo na kibuyu chirizi. Kibuyu chirizi mnakijua: dumu dogo linaning'inizwa kwa kamba karibu na choo, unakanyaga kijiti, linainama, maji yanachirizika, unanawa bila kushika kitu. Kitu kizuri sana. Basi kitongoji kile chote kilikuwa nacho kimoja. Dumu la njano, limeungua ubavuni kwa kusahauliwa karibu na jiko. Bwana afya akiingia nyumba hii kwa mlango wa mbele, dumu linatoka kwa uani na kwenda nyumba ya pili. Wanawake walikuwa wanalirushiana juu ya uzio kama mpira. Alipofika nyumba ya sita au ya saba hivi, bwana afya alisimama mbele ya lile dumu, akavua kofia.

"Habari za tangu asubuhi?" akalisalimu. Kisha akamgeukia mtendaji: "Kitongoji hiki hakina shida. Kibuyu wanacho, tena kina miguu."

Tulicheka mpaka tukaona aibu. Kesho yake madumu yakaanza kutundikwa kweli. Nadhani kile kicheko kilifanya kazi kuliko ile faini aliyotishia mtendaji.

Usidhani ni sisi Wafipa tu. Jirani pale Pito alikuwepo mtani wangu Masanja, Msukuma, amehamia na ng'ombe zake na wake zake wawili. Alinipa kazi ya choo cha maana. Nikamchimbia shimo la urefu wa watu wawili, matofali ya kuchoma, bati, mlango wa mbao wenye kitasa. Baada ya wiki nikapita, nikakuta kuna kufuli.

"Mtani, choo kinafanyaje kazi?"

"Vizuri sana, mtani. Kinapendeza."

"Sasa kufuli la nini?"

"Si nimefunga kisichafuliwe! Bati jipya hilo, mtani wangu. Mtu mwenye akili timamu atakinyea kitu kama kile?"

Ufunguo alikuwa ameuvaa shingoni. Nilimwambia, mtani, umejenga nyumba ya maonyesho, na ng'ombe zako zina akili kukuzidi, maana zenyewe zinajua kitu kimetengenezwa kwa kazi gani. Akasema Mfipa hawezi kumfundisha Msukuma habari za ng'ombe. Tukatukanana vizuri mpaka akafungua.

Hata juzijuzi hapa wakati wa korona mlikuwepo wenyewe. Si mnakumbuka ile ndoo yenye bomba mlangoni pa kanisa? Wiki za mwanzo ilikuwa na maji. Baadaye ikakaa tupu, na bado watu walikuwa wanafungua bomba, wanasugua viganja vikavu, wanakung'uta, wanaingia. Kwa adabu. Mimi mwenyewe nilikung'uta. Haya, niambieni, watu wale hawakujua kunawa?

Sasa ndiyo niwaambie ya Mzee Vitalis.

Wakati ule alikuwa mjane, mgongo umepinda. Aliishi na mkwe wake Gaudensia, mke wa mwanawe Kizito, binti wa Namanyere, mfupi, mchapakazi, mdomo anao. Kizito alikuwa bondeni kwenye mpunga msimu mzima. Pale nyumbani kulikuwa na wao wawili na mjukuu, Deusi, katoto kanakoanza kusema sana. Deusi alikuwa analala mchana kifuani kwa babu yake, na Mzee hageuki hata akifa ganzi. Mtu yule alikuwa hacheki na mtu mwingine yeyote duniani.

Mnajua mila. Baba mkwe na mkwe hawagusani, hawali sahani moja, hawapishani mlangoni. Na choo ndiyo kabisa. Mzee alikuwa na choo chake cha zamani ila kilititia wakati wa masika, kikabaki kile cha Gaudensia, alichomchimbia mwenyewe siku alipoolewa. Kizito aliahidi kuchimba kingine akirudi. Mimi nilipojitolea, Mzee alinikazia macho: "Mwanafunzi wangu anichimbie choo, mimi nikiwa hai nimekaa natazama? Watu wa Pito watasemaje?"

Kwa wiki kadhaa alijikaza akawa anatumia kile cha mkwe kwa kuvizia. Anasikiliza kama mama yuko shambani, ndipo anakwenda. Asubuhi moja akahesabu vibaya. Amefika mlangoni, kopo la maji mkononi, mlango ukafunguka. Gaudensia huyo. Wakatazamana uso kwa uso. Gaudensia alijitupa kwenye mahindi kama mtu aliyeona nyuki. Mzee akatupa kopo, akarudi chumbani, hakutoka mpaka jua limepinda. Chakula cha siku hiyo hakikuliwa na mtu.

Kuanzia hapo Mzee Vitalis, aliyewachimbia Pito nzima, kila asubuhi anashika kopo lake anaelekea kijitoni. Na kile kijito ndicho watu wa upande wa chini walichokuwa wanachota.

Gaudensia alimwona. Lakini atasemaje? Mkwe hawezi kumtajia baba mkwe neno choo. Kwa hiyo aliongea na kuku. Mimi nilikuwepo, nimekaa na Mzee uani tunakula mahindi ya kuchoma, mama anapeta ulezi.

"Wewe kuku," akasema, "kuna watu wamechimba vyoo kata nzima, lakini asubuhi wao wenyewe wanaonekana na makopo njia ya kijitoni. Wewe kuku hayo unayaonaje?"

Kuku akadonoa ulezi.

Mzee hakugeuka. Alimtazama mbwa wake aliyelala miguuni. "Simba, mwambie kuku kwamba heshima ya nyumba hii ilikuwepo kabla ya kipindupindu."

"Kuku, mwambie Simba kipindupindu hakiulizi heshima."

"Simba, mwulize kuku ni nani aliyemfundisha kujibizana na wakubwa."

"Kuku, mwambie Simba tumefundishwa Namanyere, na huko watu wana vyoo."

Mimi muhindi ulinipalia. Mbwa akanyanyuka akaenda kulala pengine, kachoka kutumwa.

Tulicheka sana wakati ule. Halafu akafa Sabina, mama aliyekuwa anauza maandazi upande wa chini wa kijito. Asubuhi alikuwa anakanda unga, jioni yake yuko kambi ya wagonjwa, kesho yake hayupo. Alizikwa na watu wa afya, ndugu zake wamesimama mbali, hakuna kumwosha, hakuna kushikana mikono, kwaya inaimbia ng'ambo ya barabara. Hakuna anayejua aliokota wapi ugonjwa. Vijito vina watu wengi. Lakini nilimwona Mzee Vitalis amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, haimbi.

Mnadhani aliacha? Kesho yake alishika kopo tena. Tofauti ni kwamba alikwenda mbali zaidi, kule juu, kama vile maji hayajui kutembea.

Nikamfuata nikamkabili. "Mzee, wewe unajua."

"Najua," akasema. "Wewe nani aliyekufundisha choo kikae mbali na maji? Najua kuliko yule mtoto wa buti. Nijue nini tena, Leonsi? Mimi sina shida ya kujua." Akageuzageuza lile kopo. "Nikikutana naye tena pale mlangoni, ugali wake nitaula kwa uso gani?"

Bwana afya naye akaja, maana habari zilishamfikia. Akaanza vizuri tu, Mzee, kwa usalama wa jamii, nini na nini. Mzee Vitalis akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Kijana, umeoa?"

"Nimeoa, Mzee."

"Baba yako akija kukutembelea mjini, anatumia choo cha mkeo?"

Kijana akatazama buti zake. "Kwa kweli… huwa anaomba kwa jirani."

Wakabaki pale, wote wawili wamekwama. Nilimpenda yule kijana kwa kutodanganya.

Wiki ileile Deusi akaharisha. Ilikuwa ni tumbo la kawaida tu, alipewa maji ya chumvi na sukari, kufikia kesho yake anakimbiza vifaranga. Lakini Gaudensia alikuwa amekaa usiku kucha anamsikiliza mtoto anavyopumua, na kulipokucha alifunga nguo kwenye kitenge. Nilipofika alikuwa anamwaga pumba.

"Kuku," akasema, na safari hii sauti haikuwa na mzaha, "Ijumaa mimi na Deusi tunakwenda stendi. Tunapanda basi la Namanyere. Tutarudi siku nyumba hii itakapokuwa na watu wanaopenda kuishi."

Nikamtazama Mzee. Deusi alikuwa amemlalia kifuani. Nilingoja amtume mbwa. Hakumtuma. Mkono wake ulikuwa mgongoni kwa mtoto.

Nikatoka nje ya uzio nikasimama na baiskeli yangu bila kuipanda. Nikasema moyoni, Leonsi, mtu yule yuko shimoni na kuta ni laini. Kumpigia kelele kutoka juu kwamba shimo ni baya, hilo analijua, yumo ndani yake.

Nikarudi kwa mlango wa jikoni. "Mama Deusi," nikamwambia kwa sauti ya chini, "choo chako si kimekaribia kujaa?"

"Hakijajaa, Fundi."

"Kimejaa. Niagize nikuchimbie kingine."

Binti wa Namanyere si mjinga. Alinitazama kidogo, akaweka ungo chini, akaguta uwanja mzima usikie: "Fundi Leonsi! Choo changu kimejaa! Nakuomba unichimbie kingine!"

Hapo Mzee angekataaje? Si yeye anayechimbiwa, ni mkwe. Nikamwendea, nikamwarifu kwa heshima kwamba nachimba mashimo mawili, moja la mama, la pili la wageni.

"Wageni gani?" akauliza.

"Wageni wowote, Mzee. Wanaume. Wenye kofia."

Akaigusa kofia yake. Kisha akageuza kiti chake kikaelekea barabarani, akatugeuzia mgongo. Siku zote za kazi hakugeuka hata mara moja. Kukaa natazama, alikuwa amesema, watu watasemaje, basi hakutazama.

Nilimchukua mtani wangu Masanja anisaidie, na mkokoteni wake wa ng'ombe ukaleta matofali na magogo. Shimo la kwanza lilishuka vizuri, udongo mwekundu, mtamu. La pili, magotini tu, sururu ikalia: ngii! Mwamba. Tukasogea pembeni: ngii! Uwanja ule chini ni jiwe tupu, ndiyo maana Mzee alihangaika nao maisha yake yote. Na Ijumaa inakuja.

"Mtani," Masanja akasema, anajifuta jasho, "hapa Mfipa kapatikana. Rudisha udongo tukalale."

Nikafikiri. Halafu tukapanua lile shimo la kwanza. Juu yake tukalaza magogo na zege, tukajenga kibanda kimoja cha vyumba viwili, ukuta katikati mpaka juu kwenye bati. Mlango wa mama unaelekea jikoni, wa wageni unaelekea barabarani. Njia mbili, hazikutani popote. Ungesimama uani ungeapa ni vyoo viwili vimepeana mgongo. Kila mlango tukautundikia dumu lake. Masanja alikuwa anacheka peke yake kama mwehu: "Chini huko kila kitu ni ndugu!" Nikamwambia afunge mdomo, ama sivyo nitakwenda kuwasimulia wakwe zake habari ya kufuli.

Alhamisi nikamwendea Mzee kitini kwake. "Kazi imekwisha."

"Mashimo mawili?"

"Mawili," nikasema, sikupepesa jicho.

Akavuta kofia yake chini kidogo.

Ijumaa asubuhi nikafika mapema, nikajifanya nakagua bawaba. Kitenge cha nguo kilikuwa kimewekwa kizingitini. Masanja naye akapita, eti anatafuta ndama. Gaudensia akaingia mlango wake wa jikoni, akafunga. Na wakati huohuo, jamani, Mzee Vitalis akatoka chumbani. Amevaa koti la Jumapili. Kofia kichwani, kopo mkononi. Akashika njia ya mbele, ile ya barabarani, anatembea taratibu kama mtu anayekwenda kutoa sadaka. Akaipita ile njia panda ya kijitoni bila kukunja. Akaingia mlango wa wageni, akafunga.

Mimi na Masanja hatukupumua. Ndani, kimya. Kila upande ulishajua upande wa pili una mtu. Unasikia tu ule ukimya wa watu wawili wanaojibana. Mzee akakohoa. Gaudensia akakohoa. Kimya tena.

Deusi akatoka nyumbani anajikuna tumbo. Akatazama mlango huu, akatazama ule. Mtoto aliyefundishwa adabu, akasimama katikati, akapaza sauti yake yote:

"Shikamoo babu!"

Masanja alishika kichwa. Mimi niliomba ardhi inimeze, na ninajua ardhi ndani ikoje.

Muda ukapita. Halafu kutoka mle ndani ikatoka sauti nzito, ya heshima zote: "Marahaba, mwanangu."

"Na mama yupo!" Deusi akatangaza.

Upande wa jikoni kukasikika kitu kama mtu anayezuia chafya, akashindwa. Gaudensia akacheka. Alicheka mpaka bati likalia. Na mimi niliyemjua mtu yule tangu ujana wangu, niliyemwona haachi meno yake yaonwe na jua, nikasikia upande wa barabarani kicheko chembamba kinaanza, kinakohoa, kinaendelea. Walicheka pale kila mtu kwake, ukuta katikati, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Alipotoka, Mzee akakanyaga kijiti, akanawa kwa sabuni, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejua kabisa inavyofanywa. Basi la Namanyere liliondoka bila wao. Kijitoni hakwenda tena.

Mzee Vitalis alifariki miaka michache baadaye, kwa uzee, kitandani kwake. Nilikwenda kumwona siku za mwisho. Akaniashiria niiname.

"Leonsi. Mashimo mawili yanatoa kifusi cha mashimo mawili."

Nikatazama miguu ya kitanda.

"Nilikuwa nimetazama barabarani, lakini lundo lile si lilikuwa upande wa barabara? Mimi mtu wa kudanganywa udongo?" Akapumua. "Ulinikatia kikanyagio. Ahsante. Ila mkwe usimwambie. Akijua ni shimo moja ataona aibu, atakosa raha humu ndani."

Nikamwapia.

Sikumwambia kitu kimoja: kwamba Gaudensia aliniita jikoni siku ileile ya Ijumaa, mikono bado ina sabuni, akanishika shati. "Fundi, kifusi nilikibeba mimi, si nimeona ni shimo moja? Baba usimwambie. Akijua hatakitumia."

Basi wale watu waliishi miaka, kila mmoja anamfichia mwenzake jambo ambalo wote wanalijua, na aliyechoka kutunza siri ni mimi.

Nyie mtakuja kupewa vipaza sauti, maana magonjwa hayajaisha na shule mnazo. Mkifika kwa watu, wafundisheni, sikatai. Ila mkimkuta mtu anayejua yote na bado ameshika kopo anaelekea kijitoni, msimwongezee somo. Kaeni naye mpaka mwone ni wapi atakapoweka kidole gumba.

Jumapili iliyopita nilipita Pito. Kizito anatumia ule wa jikoni, Deusi sasa ni mkubwa anatumia ule wa jikoni, kila mtu anatumia ule wa jikoni. Nikaona njia ya barabarani imefagiwa, dumu lina maji, sabuni ipo.

"Mama Deusi," nikauliza, "huu mlango bado unautunza wa nini?"

Alikuwa anapeta ulezi. Hakunitazama. Alimgeukia kuku.

"Kuku," akasema, "mwambie Fundi ule ni wa wageni wenye kofia."